Meli Haiji, Nani Amwambie Mjomba?

Najua nimekuwa kimya kwa muda mrefu. Kazi za ofisini zilinibana, na pia nilikuwa nikirekebisha kosa langu mwenyewe, kosa ambalo ndilo limenifanya nikae chini leo niandike. Kwa hiyo leo hakuna simu mpya wala mabishano ya lugha ipi ya programu ni bora. Leo ni meli za kitalii, siasa, na programu ndogo ya mistari kama 400 iliyomtia mjomba wangu hasara. Programu hiyo niliiandika mimi.

Tuanze na mahali. Kwa wale msioijua Likoni, sisi tuko ng'ambo ya kusini ya kisiwa cha Mombasa. Kati yetu na kisiwa kuna mlango wa bahari, na meli yoyote inayoingia bandari ya Kilindini lazima ipite hapo. Uko kwenye feri asubuhi, umebanwa kati ya mkokoteni wa muhogo na bodaboda, mara feri inasimama kusubiri. Watu wananyanyua macho. Jumba jeupe la ghorofa kumi linapita mbele yenu polepole, na abiria wake wamesimama roshani wanawapiga picha nyinyi. Kwa walio wengi pale ferini maana yake ni moja tu: tumechelewa kazini. Kwa mjomba wangu ule ni mshahara unapita.

Mjomba anauza vinyago. Anavichukua Changamwe, kwa wachongaji wa ule ushirika wa Wakamba ambao umekuwa pale tangu miaka ya 1960. Rafiki yake wa Kisauni ana gari la kubeba watalii, na binamu yangu, wa Kisauni vilevile, anauza leso na vikapu. Wakisikia kuna meli, wanajipanga pamoja: gari linakodishwa dereva wa pili, mali inanunuliwa, mkopo wa chama unachukuliwa. Meli ikitia nanga kwa saa kumi tu, wao wanapata pesa ya wiki kadhaa. Meli isipokuja, mkopo unabaki palepale.

Na meli huwa haziji, jamani. Siasa zikichafuka hapa, au kwa jirani, au kwenye bahari ya mbali ambayo mjomba hataiona maisha yake yote, kuna mtu ofisini anabofya kitufe na Mombasa inafutwa kwenye ratiba. Abiria wanatangaziwa usiku wakati wa chakula. Wenye hoteli na kampuni kubwa za utalii wanapigiwa simu. Mjomba hapigiwi na mtu.

Hoja yangu leo ni hii: nahodha kuiruka bandari yenye vurugu si kosa. Kosa ni habari ya kuruka kuwafikia wengine mapema na wengine isiwafikie kabisa. Siasa siziwezi, lakini hili la habari tunaliweza sisi watu wa kompyuta.

Ratiba si ahadi

Kwanza tuelewane kuhusu neno ratiba. Ukinunua tiketi ya meli ya kitalii, mkataba kwa kawaida unaipa kampuni haki ya kubadilisha bandari, kuiacha, au kugeuza njia nzima kwa sababu za usalama au hali ya hewa. Abiria anarudishiwa ushuru wa bandari iliyorukwa, na mara nyingi hapati zaidi ya hapo. Kwa hiyo hata yeye aliyelipa maelfu ya dola hajaahidiwa Mombasa. Ameahidiwa safari.

Lakini tazama tofauti. Bandari ikirukwa, abiria anapata siku moja zaidi baharini, na bwawa la kuogelea liko palepale. Meli ina injini, inaweza kwenda kwingine. Likoni haina injini. Hasara yote ya kutokuwa na uhakika inaangukia upande usioweza kusogea.

Pili, ratiba ya meli ni mnyororo. Kwa wale waliosoma miundo ya data chuoni, ni ile orodha ambayo kila kipande kinashika anwani ya kipande kinachofuata. Kutoka Unguja hadi Mombasa ni takriban maili 130 za baharini, ambazo kwa mwendo wa noti 18 ni kama saa saba. Kutoka Mombasa hadi Victoria, Shelisheli, ni takriban maili 950, yaani zaidi ya siku mbili. Nahodha akiitoa Unguja, anaweza kuamua kwamba kuja Mombasa peke yake hakumlipi, akaelekea Shelisheli moja kwa moja. Mombasa hapo haijafanya lolote. Imekatwa kwa sababu kipande kilichoishikilia kimekatwa.

Hili nataka mlikumbuke, kwa sababu watu wetu huangalia habari za Kenya tu kisha wakasema "hapa kumetulia, meli itakuja". Kutulia kwa hapa hakutoshi.

Historia yetu fupi ya kungoja

Mimi nilizaliwa mwaka wa 1997. Tarehe 13 Agosti mwaka huo, nikiwa mtoto wa miezi mitatu, kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, na machafuko yaliyofuata yaliua watu zaidi ya 100 na kuwahamisha makumi ya maelfu. Ilikuwa miezi michache kabla ya uchaguzi wa tarehe 29 Desemba. Utalii wa Pwani ulianguka, na wazee wanasema ulichukua miaka kuinuka.

Tarehe 5 Novemba 2005 meli ya kitalii ya Seabourn Spirit ilishambuliwa na maharamia karibu na pwani ya Somalia. Ilikuwa njiani kuja Mombasa. Mabaharia walijitetea, pamoja na mambo mengine, kwa kifaa kinachorusha sauti kali sana mbali, na meli ikaponyoka. Lakini haikuja hapa. Ilielekezwa Shelisheli. Ulimwengu mzima uliandika juu ya kile kifaa cha sauti (na mimi baadaye, nikiwa shuleni, nilivutiwa nacho sana, sikatai). Waliokuwa wakiingoja hapa hawakuandikwa mahali.

Kisha ukaja ule uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007. Matokeo yalitangazwa tarehe 30, na nchi ikawaka. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakayahama makazi yao kabla ya mkataba wa tarehe 28 Februari 2008 uliosimamiwa na Kofi Annan. Sehemu kubwa ya mauaji ilikuwa Bonde la Ufa, Nyanza na mitaa ya Nairobi, lakini tusijidanganye, hata huku Mombasa kulikuwa na vurugu. Hoteli za Pwani zilibaki tupu katika kilele cha msimu. Nilikuwa na miaka kumi. Nakumbuka makasha ya twiga wa mbao yamepangwa sebuleni kwetu mpaka dirishani, na sisi watoto tukiyatumia kama viti. Ile meli aliyoingoja mjomba haikuja. Wale twiga walikaa mpaka mvua za masika.

Mei 2014, baada ya Uingereza kuwashauri raia wake wasije Mombasa isipokuwa kwa safari za lazima, mamia ya watalii waliokuwa tayari hapa walirudishwa kwao kabla likizo hazijaisha. Na kuanzia mwisho wa 2023, mashambulizi ya Wahouthi katika Bahari ya Shamu yalizifanya meli nyingi za mizigo zizunguke Rasi ya Tumaini Jema badala ya kupita mfereji wa Suez, na kampuni za kitalii nazo zikafuta safari zao za kupita kule. Mgogoro uko Yemen, ratiba inabadilika kwetu.

Kuna jambo moja la kushangaza ambalo sikuliona mpaka nilipoweka tarehe zote kwenye jedwali moja. Meli za kitalii hutujia zaidi kati ya Novemba na Aprili, wakati wa kaskazi, bahari ikiwa tulivu. Chaguzi zetu za 1992, 1997, 2002 na 2007 zote zilifanyika mwishoni mwa Desemba. Yaani tulikuwa tunapiga kura katikati ya msimu wa meli! Katiba ya 2010 ilipohamishia uchaguzi kwenye Jumanne ya pili ya Agosti, iliutoa nje ya msimu, na sidhani kama kuna aliyefikiria wauza vinyago alipoandika kifungu hicho. Agosti 2017 na Agosti 2022 tulipiga kura wakati wa kusi. Unaofuata ni tarehe 10 Agosti 2027.

Je, tumepona? Bado. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ilifuta matokeo tarehe 1 Septemba na uchaguzi wa marudio ukafanyika tarehe 26 Oktoba, mlangoni mwa msimu. Na jirani zetu Watanzania hupiga kura mwishoni mwa Oktoba. Kumbuka ule mnyororo.

Programu yangu na makosa yake mawili

Sasa niwaeleze nilichofanya. Kila meli ya abiria inayosafiri kimataifa inatakiwa kuwa na mtambo unaoitwa AIS. Mtambo huu hutangaza kwa redio jina la meli, namba yake, mahali ilipo, mwendo na mwelekeo. Meli ikiwa safarini hutangaza mahali ilipo kila baada ya sekunde 2 hadi 10, na ikiwa imetia nanga kila dakika 3. Kila dakika 6 hutoa pia ujumbe wenye mahali iendako na saa inayotarajia kufika. Matangazo haya hayajafichwa. Antena juu ya paa, kidude cha kunasia televisheni kinachochomekwa kwenye kompyuta, na programu huria vinatosha kuyasoma.

Nikaweka antena juu ya paa la nyumbani Likoni. Inanasa meli zilizo umbali wa maili 20 hadi 30 hivi. Hiyo ni kama saa moja na nusu kabla meli haijafika, muda wa kutosha kumwita dereva lakini si wa kununua mali. Kwa hiyo nikaongeza njia mbili: ratiba zilizotangazwa, ambazo naziingiza kwa mkono, na rafiki yangu wa Unguja ambaye hutuma ujumbe meli inapong'oa nanga kule. Programu inachanganya yote matatu na kumtumia mjomba ujumbe mfupi, maana simu yake ni kabambe, haina mambo ya ramani.

Kosa la kwanza lilikuwa la kuchekesha. Saa katika AIS ni ya UTC, tuko mbele yake kwa saa 3. Toleo la kwanza la programu lilituma saa kama ilivyo. Meli ikaandikiwa kufika "3:00". Hiyo ni saa 12 asubuhi kwetu. Mjomba akasoma kama Mswahili yeyote atakavyosoma: saa tatu. Akafika getini saa tatu asubuhi, amevaa shati lake la maua, mabasi yote yameshaondoka na watalii. Nilipomweleza habari za UTC alinitazama kwa muda, akauliza, "Hiyo saa ni ya nani?" Swali zuri sana, na tangu siku hiyo kila programu ninayoiandika, hata za ofisini, najiuliza saa hii ni ya nani. Sasa ujumbe unasema "saa 12 asubuhi", kwa maneno.

Kosa la pili halichekeshi.

Tarehe 29 Oktoba 2025 Watanzania walipiga kura. Siku hiyohiyo kukawa na maandamano na vurugu, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku, na intaneti ikazimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Kulikuwa na meli moja ndogo ya kitalii, jina silitaji, iliyopangwa kupita Unguja kisha ije kwetu siku chache baadaye. Rafiki yangu wa Unguja akapotea hewani. Ratiba niliyokuwa nimeiingiza haikubadilika, maana hakuna aliyeniambia ibadilike. Na programu yangu ilikuwa na mstari mmoja ambao leo nauonea haya: kama meli imo kwenye ratiba na hakuna habari ya kinyume, andika INAKUJA.

Mjomba alipata ujumbe: INAKUJA. Akachukua shilingi 38,000 za chama, akaenda Changamwe. Binamu akanunua leso. Dereva wa Kisauni akakataa kazi ya harusi siku ile. Wakakaa Kilindini tangu alfajiri. Adhuhuri mlinzi mmoja aliwahurumia akawaambia kwamba meli ile iliacha bandari zote mbili, na kwamba kampuni fulani ya watalii, mabasi yake yangekuwa hapa, ilikuwa inajua tangu juzi yake.

Jioni nilimkuta sebuleni, makasha yamepangwa mpaka dirishani. Sikuhitaji kukumbushwa 2008.

"Mpwa wangu," akasema, "simu ilisema inakuja."

Nilimwomba radhi. Simu haikuwa na habari yoyote, na mimi nikaigeuza kimya kuwa ndiyo. Kwenye darasa la mwaka wa kwanza tulifundishwa kwamba thamani isiyojulikana si sawa na sifuri, na si sawa na "kweli" wala "si kweli". Nilipata alama nzuri kwenye mtihani ule. Kisha nikaja kumuuzia mjomba wangu "sijui" iliyovaa nguo za "ndiyo".

Na angalieni: kimya kilikuja wakati uleule ambapo habari ilikuwa na thamani kubwa kuliko siku zote. Siasa zikichafuka, mtandao huzimwa, watu huogopa kusema, na nahodha anaruhusiwa kuzima AIS akiona kuitangaza meli kunaihatarisha. Mfumo uliojengwa kwa siku za amani huharibika siku ya vurugu, siku ambayo ndiyo uliyojengewa.

Nilivyorekebisha

Sasa programu ina hali tano badala ya mbili: INATARAJIWA (imo kwenye ratiba tu), IMEONDOKA (imethibitika kung'oa nanga bandari iliyotangulia na inaelekea kwetu), INAONEKANA (antena imeinasa), IMEFUTWA, na HAIJULIKANI. Kila habari ina umri, na umri huo unaandikwa kwenye ujumbe: "habari hii ni ya saa 31 zilizopita". Habari ikizidi saa 24 bila kuthibitishwa, hali inarudi yenyewe kuwa HAIJULIKANI. Programu hairuhusiwi tena kusema INAKUJA. Neno hilo nimelifuta.

Ile sehemu ya kuandikwa mahali iendako pia siiamini sana. Ni herufi 20 zinazoandikwa na baharia kwa mkono. Wakati wa mashambulizi ya Bahari ya Shamu meli zilikuwa zikiandika humo kwamba zina walinzi wenye silaha, au kwamba mabaharia wote ni Wachina, ili zisishambuliwe. Pale penye "bandari iendako" pakawa pa kuombea usalama. Kwa hiyo mahali iendako ni dokezo, na mwelekeo halisi wa meli ni ushahidi.

Nikisema ushahidi, mnakumbuka Ushahidi? Januari 2008, nchi ikiwaka, Ory Okolloh, Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia na wenzao waliijenga programu ile kwa siku chache ili wananchi waripoti vurugu kwa wavuti na ujumbe mfupi, na ripoti zionekane kwenye ramani. Baadaye ilitumika dunia nzima, hata Haiti baada ya tetemeko la 2010. Mimi najifunza kwao jambo moja dogo: kila ripoti ilikuwa na mahali, na wakati, na alama kama imethibitishwa au la. Hawakudai kujua wasichokijua.

Kwa upande wa mjomba tumeandika kanuni kwenye karatasi, imebandikwa ukutani:

1. INATARAJIWA: usikope, usinunue. Waambie wachongaji tu kwamba huenda.
2. IMEONDOKA: chukua mali, lakini kwa mali kauli, ziuzike ulipe, zisiuzike uzirudishe.
3. INAONEKANA: mwite dereva.
4. HAIJULIKANI: kazi ya harusi isikataliwe.

Kanuni hii haina teknolojia yoyote. Mzee wa Changamwe aliyekubali mali kauli amefanya kazi kubwa kuliko antena yangu.

Ninachodai

Programu ya kijana mmoja juu ya paa si jibu. Habari iko, ila imefungiwa. Wakala wa meli anajua meli imebadili njia. Bandari inajua, maana rubani na gati huombwa mapema. Kwa hiyo nadai haya:

Kwanza, badiliko la ratiba litangazwe kwa wote kwa wakati mmoja. Yule wa mabasi matano na yule wa kasha moja la twiga wapate habari dakika ileile.

Pili, meli iliyofutwa ibaki kwenye orodha ikiwa imeandikwa IMEFUTWA, pamoja na saa ya kufutwa. Katika orodha nyingi nilizoziona, meli iliyofutwa hupotea tu. Anayeangalia leo hawezi kujua kama haikuwahi kuwapo au ameitazama vibaya.

Tatu, orodha itolewe kwa muundo ambao kompyuta inausoma, pamoja na picha na faili la PDF. Waacheni vijana wa Kisauni na Changamwe wajenge yao juu yake.

Nne, kuwe na namba ya ujumbe mfupi. Wanaoumia zaidi ndio wenye kabambe.

Tano, kampuni inayomwagiza muuzaji au dereva rasmi ije na mali siku fulani, ilipe sehemu ikifuta kwa kuchelewa. Abiria anarudishiwa ushuru wa bandari. Aliyeagizwa naye arudishiwe nauli.

Watakaopinga

Najua mtaniambia: "Kutangaza ratiba za meli ni kuwasaidia magaidi na maharamia." Naiheshimu hoja hii, sisi wa Likoni hatuhitaji kufundishwa hatari. Lakini ratiba ya kuja tayari ipo hadharani, kampuni zenyewe huitangaza ili ziuze tiketi. Ninachoomba ni habari ya kutokuja. Haramia hafaidiki kujua mahali ambapo meli haitakuwa.

Wengine watasema kwamba kutangaza "imefutwa kwa sababu za usalama" kutaichafua Mombasa. Sihitaji sababu. Andikeni IMEFUTWA tu. Na sifa ya mji haiokolewi kwa kumwacha muuza vinyago jua la saa sita akingoja kitu ambacho kampuni ya jirani inajua hakipo.

Na wapo watakaosema tatizo ni siasa, rekebisheni siasa. Kweli kabisa. Siku tutakapopiga kura bila mtu kufa, nitaishusha antena kwa furaha. Mpaka siku hiyo, sioni kwa nini mjomba alipie mara mbili, mara ya kwanza kwa vurugu na mara ya pili kwa kutoambiwa.

Hata hivyo swali gumu kuliko yote aliniuliza binamu yangu, na sina budi kuliweka hapa. Alisema: "Na meli ikija kweli, na simu yako imesema HAIJULIKANI, tukawa hatukwenda?" Ndiyo, itatokea. Msimu huu imeshatokea mara moja, meli ikaja na wao wakawa wamebaki nyumbani. Walikosa mauzo ya siku moja, lakini hawakuwa na deni. Nilimuuliza mjomba anachagua lipi. Alifikiri, akasema siku iliyopotea haimpigii simu kumdai.

Basi wasomaji, hayo ndiyo yangu. Kama uko Unguja, Lamu au Dar na unaona meli zikiingia na kutoka, niandikie, nahitaji macho zaidi ya yale ya rafiki mmoja. Kama unafanya kazi kwa wakala wa meli na unadhani nimekosea, niandikie vilevile, tena wewe ndiye nakungoja zaidi. Na wale mnaoandika programu zinazotumiwa na wazazi wenu, nendeni mkatafute ule mstari unaosema "kama hakuna habari". Mtazame mmeandika nini baada yake.

Shilingi 38,000 tumezilipa chama kwa awamu, nusu yangu nusu yake, ingawa alikataa kata kata mwanzoni. Makasha bado yako sebuleni. Mmoja wa wale twiga nimeuweka juu ya meza yangu ya kazi, shingo yake imeegemea skrini. Kila ninapotaka kuandika "ndiyo" nisiyo na hakika nayo, ananitazama.

Tuonane wiki ijayo, umeme ukiruhusu.